Mlinzi wa Mbung'o na Taa za Kasimu

Serikali ya Mwingereza ilipomwajiri Venansi, ilimkabidhi wavu wenye mpini mrefu, filimbi, kofia nyekundu, na pori zima. Pori hakuliomba, lakini kazi za serikali huja na ukarimu wake.

Kazi yenyewe ilikuwa ulinzi wa kizuizi cha mbung'o katika barabara itokayo Karema kwenda Mpanda. Zamani mahali pale palikuwa na vijiji. Ugonjwa wa malale ulipozidi, serikali ikawahamisha watu wote ili wakae mbali na mbung'o, kisha, kwa busara yake kubwa, ikamtoa Venansi kwao Kibaoni alikokuwa salama, ikamleta akae na mbung'o hao peke yake. Walimjengea kibanda cha miti na udongo. Mbele ya kibanda wakalaza gogo juu ya nguzo mbili kukata barabara, wakamwonyesha namna ya kuliinua, wakamtakia kazi njema, wakaondoka haraka sana.

Sheria ilikuwa rahisi. Mchana gari lolote lisimame, abiria washuke, Venansi azunguke na wavu wake, aingize mkono chini ya madigadi ya magurudumu na chini ya viti mpaka ahakikishe hakuna mbung'o anayesafiri bure kwenda Mpanda. Jua likizama mbung'o hulala, gogo huinuliwa, na mwenye safari yake aendelee. Venansi aliipenda sehemu ya kwanza ya sheria hii kuliko ya pili.

Maana mchana alikuwa mtu. Lori la mgodini lilisimama. Padri wa misheni alisimama, akateremka kwenye pikipiki yake na kukung'uta kanzu. Hata yule mzungu wa mgodi wa madini ya risasi, ambaye huko Mpanda alikuwa akifoka mpaka kuku wanaacha kutaga, alisimama katikati ya barabara ameinua mikono huku Venansi akimpitishia wavu mgongoni. Tena alimpitishia mara mbili, kwa usalama. Usiku ukiingia, bwana mkubwa huyo alikuwa mwanamume mmoja kando ya sufuria ndogo, anasonga ugali wa mtu mmoja, anasali rozari na kujiitikia mwenyewe.

Alikuwa na mke, Romana. Romana alikuja kumtembelea mara moja. Akaumwa na mbung'o shingoni kabla hajatua mzigo, akatazama kibanda, akatazama pori, akamtazama mumewe katika kofia nyekundu, akarudi Kibaoni kwenye mpunga wake. Walikuwa wanaonana Noeli na Pasaka, na hawakuwahi kugombana, kwa kuwa ugomvi unahitaji muda.

Ndipo akatokea Kasimu na gari lake.

Gari la Kasimu lilikuwa la spoti, na lilikuwa zee. Lilitengenezwa Ulaya kabla ya vita, kwa ajili ya mabwana wanaotaka kufika upesi mahali ambapo hawana shughuli yoyote. Lilikuwa na viti viwili, boneti ndefu isiyo na sababu, na tumbo lililokaribia kukwangua ardhi. Paa halikuwa nalo. Injinia mmoja wa mgodini alilileta kwa treni, akaligongesha kwenye visiki vya nchi hii mpaka akaridhika, mkataba wake ukaisha, akarudi kwao. Gari likabaki kwa Kasimu, kijana wa Karema aliyekuwa akiwapelekea watu wa mgodini dagaa na migebuka mikavu.

Wenzake katika biashara hiyo walitumia baiskeli, au walijibanza juu ya malori. Kasimu alipanga vikapu vyake vya samaki kwenye kiti cha abiria, akavifunga kwa kamba, akakaa nyuma ya usukani na miwani ya jua. Gari lililotengenezwa linukie sigara na manukato sasa lilinuka ziwa zima la Tanganyika. Watoto wa Mpanda walilijua linakuja kabla hawajalisikia.

Ila gari lisilo na paa katika nchi ya mbung'o si jambo la mzaha. Mbung'o anapenda kitu kinachokwenda. Gari likipita hulifuata, na likiwa wazi namna ile huingia ndani na kuchagua pa kukaa. Mara ya kwanza Kasimu alipita mchana, akafika kizuizini amevimba uso, amejifunika gunia kichwani, anaendesha kwa jicho moja. Venansi alimtoa mbung'o mpaka ndani ya mifuko. Kuanzia hapo Kasimu akawa mwerevu. Akawa anavizia jua linapoelekea kuzama ndipo aingie porini, ili apite mbung'o wamelala.

Ulikuwa mpango mzuri, kasoro taa. Taa mbili za mbele za gari lile zilikuwa zimeota kutu kwa ndani, nyaya zimechakaa, globu zimekuwa nyeusi. Mwanga wake ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, nao ulisogea mbele ya gari kidogo, kisha ukakata tamaa. Taa ya kushoto iliwaka gari likiruka shimo, ikazimika kwenye shimo linalofuata.

Jioni ya kwanza alipofika namna hiyo, Venansi alisimama mbele ya gogo.

"Washa taa," alisema.

"Zinawaka," Kasimu alijibu.

Venansi akainama, akasogeza uso karibu na kioo. "Hizi?"

"Hizo hizo."

"Gari lenye taa kama hizi halipiti hapa usiku."

"Sheria gani hiyo, Bwana Venansi? Si mnasema jua likizama watu wapite?"

"Sheria ya hapa."

Hakuna mtu aliyewahi kuiona sheria hiyo imeandikwa. Venansi mwenyewe aliisikia kwa mara ya kwanza ilipokuwa inamtoka mdomoni, akaiona ni nzuri sana.

Kasimu akalala kizuizini. Safari iliyofuata akalala tena. Ikawa hivyo kiangazi chote: jioni gari linatokea likipapasa njia, Venansi anakagua taa kwa uso wa huzuni ya kiserikali, anatikisa kichwa, na Kasimu anatukana kidogo kisha anafungua kikapu na kutoa migebuka. Venansi anasonga ugali. Wanakula, halafu wanabishana mpaka moto unakuwa majivu.

Walibishana juu ya kila kitu ambacho hakikuwahusu. Kasimu alishikilia kwamba Nabii Nuhu aliwaacha mbung'o nje ya safina kwa makusudi, ila walijibanza kwenye manyoya ya nyati. Venansi, akiongea kama mtaalamu, alisema pangekuwa na kizuizi mlangoni pa safina jambo hilo lisingetokea. Kasimu alicheka mpaka akalala chali. Venansi hakucheka, maana alikuwa na kofia, lakini usiku ule alilala akitabasamu.

Alimpenda kijana yule. Angemeza filimbi kuliko kusema, lakini alimpenda. Siku ambayo Kasimu alitarajiwa kupita, kibanda kilifagiwa tangu asubuhi, na unga ukapimwa wa watu wawili. Hata hivyo kila alipofika aliulizwa maswali yaleyale ya kazini: unatoka wapi, unakwenda wapi, umebeba nini, umeona mbung'o wangapi njiani. Kasimu alijibu hayo, na mengine hakuulizwa.

Kiangazi kilipokuwa kinaishia, Kasimu alifika mchana, amejifunika blanketi, kando yake mtu mzima aliyejikunja juu ya kikapu. Ndani ya kikapu, badala ya dagaa, mlikuwa na taa mbili za lori, kubwa kila moja kama sufuria ya harusi.

"Huyu ni fundi Ubaldo, wa Shanwe, kule Mpanda tunakotoka," Kasimu alisema. "Na hizi ni taa za lile lori la mgodini lililotumbukia korongoni. Tutazifunga hapa hapa, mbele ya macho yako. Wewe ndiye uliyesema zangu hazifai, wewe ndiye utakayezipima. Nisije nikazifunga Mpanda, nikafika hapa ukanitolea sheria nyingine."

Venansi alitamani kukataa. Lakini alikuwa amekwisha kulisema neno lake kiangazi chote, na sasa neno lilikuwa limemrudia na fundi wake.

Fundi Ubaldo alifanya kazi gereji ya mgodini kwa muda wa kutosha kujifunza kwa wazungu mambo mawili: kuvaa ovaroli na kuitukana spana. Akazitoa taa za zamani kwa nguvu moja. Akavuta nyaya, zikamkatikia mkononi, kwa kuwa mende walikuwa wamekula kitambaa chake chote. Akasema, "Ehee," kwa sauti ya mtu aliyetarajia, ingawa ilionekana hakutarajia. Akapitisha nyaya mpya kutoka kwenye batri hadi mbele, akizifunga kwa kamba ya vikapu vya samaki. Taa za lori zilikataa kukaa kwenye vishikio vyembamba vya gari lile, basi akakata debe la mafuta ya taa, akatengeneza mikanda, akazibana kwa bolti. Alipomaliza, kigari kile chembamba kikawa kama mtoto aliyevaa miwani ya babu yake.

"Washa," Ubaldo aliamuru.

Kasimu akabonyeza swichi, honi ikalia. Akabonyeza honi, ikawaka taa ya kulia.

"Ndivyo zinavyoanza," Ubaldo alisema bila aibu hata chembe, akaingia tena chini ya boneti.

Mpaka jua linazama alikuwa amezipatanisha. Ikabaki kuzielekeza. Gari likawekwa kuelekea kibanda, na Venansi akaambiwa asimame ukutani awe alama. Taa ya kulia ikampiga magotini. Ya kushoto ikamulika juu ya miti kutafuta nyani. Ubaldo akasema mtu aje ashike taa wakati yeye anakaza. Fundi alikuwa na mikono miwili tu, Kasimu alikuwa kwenye usukani, kwa hiyo aliyebaki alikuwa Venansi. Akaja, akaikumbatia taa ile ya kushoto kwa mikono yake mwenyewe, akaishusha polepole mpaka ikalingana na ya kulia, akaishikilia wakati inakazwa.

"Lakini sikiliza," Ubaldo alimwonya Kasimu. "Dainamo yako ni ya zamani, ndogo. Ukiacha injini ipumzike, taa zinasinzia. Ukikanyaga mafuta, zinaamka."

Kasimu akaligeuza gari kuelekea Mpanda, akakanyaga. Barabara yote ikatokea. Ikaonekana michanga, nyayo, majani ya miombo mekundu ya kiangazi, na mbali kabisa kwenye kona macho mawili ya digidigi yakametameta, kisha yakaruka. Venansi hakuwahi kuiona barabara yake kwa namna hiyo. Ilikuwa nzuri, na ilikuwa inakwenda Mpanda moja kwa moja.

"Zinafaa?" Kasimu aliuliza.

"Zinafaa."

"Kwa hiyo napita?"

Venansi akasafisha koo. "Unapita."

Wakaondoka jioni ile ile kurudi Mpanda, Kasimu na fundi wake. Venansi alikuwa amepima unga wa watu watatu. Akausonga hivyo hivyo kwa hasira, akala mpaka akaumwa na tumbo.

Tangu hapo ikawa hivi: anasikia injini, anainua gogo, na mwanga mkubwa unakuja kummulika yeye, kibanda chake, sufuria yake na suruali yake iliyoanikwa. "Bwana Venansi, wamelala?" Kasimu anapaza sauti. Gari linapita, linaacha harufu ya dagaa, halafu na harufu nayo inaondoka. Aliona kijana anamdhihaki. Aliona pia kwamba taa zile zilitafutwa mahususi ili kumkimbia yeye, na kwamba alikuwa mjinga wa kuzishika zikazwe.

Alijaribu kutafuta sheria nyingine. Alifikiria ya honi, akaona ile honi ilikuwa nzima kupita kiasi. Siku moja akajaribu ya breki. Akamsimamisha Kasimu, akamwambia arudi nyuma, aje kwa kasi na kusimama kwenye gogo. Kasimu akatii. Gari likasimama papo hapo kama lilivyotakiwa, ila kikapu cha dagaa hakikujua habari hizo, kikaendelea na safari mpaka kwenye miguu ya Venansi. Wakaokota dagaa pamoja, wamechuchumaa kwenye mwanga wa zile taa, na kwa muda ule mfupi Venansi alifurahi. Kisha dagaa wakaisha.

Ndipo mvua ya kwanza ikanyesha.

Ilinyesha alasiri, ikapiga kwa nguvu, ikakatika. Kila mtu wa nchi hii anajua kinachofuata. Venansi akachimba shimo kando ya kichuguu nyuma ya kibanda, akaweka koroboi pembeni yake, akangoja. Giza lilipoanza kuingia, kumbikumbi wakatoka. Walitoka kwenye kichuguu kile na kwenye vichuguu vyote vya pori, wakajaa hewani, wakaja kwenye koroboi na kutumbukia shimoni. Aliwaza angewakaanga na chumvi, akajiuliza angewakaanga wa watu wangapi.

Akasikia injini. Akakimbia kuinua gogo, na taa za lori zikatokea kwenye kona.

Kwa mwanga ule, hata kumbikumbi mwenye akili timamu asingebaki kwenye koroboi ya serikali. Pori lote likageuka. Wakaja kama mvua iliyolala ubavu, wakalivamia gari la Kasimu na kuingia mahali ambapo pangekuwa na paa. Wakajaa kwenye viti, kwenye vikapu, kwenye usukani. Wakaziba rejeta kwa mabawa yao mpaka ikaanza kutoa moshi. Wakajibandika kwenye vioo vya taa tabaka juu ya tabaka, na ule mwanga mkubwa wa kutisha ukawa wa chai ya maziwa. Kasimu akazima taa, kumbikumbi wakapungua, ila barabara nayo ikapotea. Akawasha, barabara ikaonekana, kumbikumbi wakarudi. Akasimama kwenye gogo, akitema mabawa.

Venansi aliyatazama hayo yote kwa furaha isiyo ya Kikristo. Hakuhitaji sheria. Mungu mwenyewe alikuwa ametunga moja.

"Kasimu!" sauti ikalia kutoka kiti cha abiria. "Hao ndio mbung'o wenyewe?"

Ndipo Venansi akaona kwamba ule mzigo uliofunikwa kanga chini ya mwavuli haukuwa dagaa. Alikuwa bibi kizee, amepakata kikapu.

"Hapana, mama," Kasimu alijibu. "Hao ni kumbikumbi. Hawaumi. Wanaliwa."

"Mbona naona mimi ndiye ninayeliwa?"

"Bwana Venansi, huyu ni mama yangu mzazi, Bi Tatu. Mama, huyu ndiye Bwana Venansi."

"Shikamoo, mama," alisema Venansi, akavua kofia. "Karibuni sana. Leo mtalala hapa. Kwa hali hii hamwendi popote. Ugali upo, na mboga ndiyo hiyo mmejipaka."

"Marahaba, baba, lakini kulala haiwezekani," alisema Bi Tatu. "Kesho alfajiri ni arobaini ya mjukuu wangu. Mtoto atanyolewa, atatolewa nje, na wa kumpokea ni mimi."

"Mjukuu yupi?"

"Mtoto wa huyu hapa."

Venansi akamgeukia Kasimu. "Una mtoto?"

"Ninaye. Wa kiume."

"Una mke?"

"Sasa mtoto aliletwa na treni, Bwana Venansi?"

"Kiangazi chote umelala kwangu, hujasema!"

"Hukuniuliza," alisema Kasimu. Hakusema kwa ubaya, alikuwa anajifuta mabawa kwenye nyusi. "Uliniuliza mbung'o. Usiku aliozaliwa mtoto nilikuwa nimelala pale ndani, kwenye mkeka wako, tunabishana habari za Nuhu. Nilipofika asubuhi nikakuta wanawake wamekwisha kumwosha, na mke wangu amegeukia ukutani. Ndiyo maana nikamtafuta Ubaldo."

Bi Tatu akainua mwavuli kidogo, akamtazama Venansi kuanzia miguuni, taratibu, mpaka kichwani.

"Mkwe wangu alishikilia kwamba mumewe ana mwanamke huku porini," alisema. "Nikamwambia, niachie mimi, nikipita nitamwona mwenyewe. Kumbe ana kofia nyekundu."

Hakuna aliyecheka, au pengine Kasimu alicheka, lakini Venansi hakusikia. Aliona aibu kubwa kuliko alivyowahi kuona tangu azaliwe. Kiangazi chote alijihesabu yeye ndiye mpweke, na kule Mpanda kulikuwa na mwanamke mwenye tumbo la mimba anayesikiliza barabara. Alimnyima mume wake kwa sheria aliyoipika pamoja na ugali. Na sasa, kumbikumbi hawa wakiendelea, angemnyima tena, na safari hii bila kusema neno. Angekaa tu kimya na kukaanga.

Alisita kidogo, si uongo. Aliwatazama wale kumbikumbi walivyokuwa wengi. Angekuwa na wageni wawili usiku ule.

Halafu akaenda kibandani akatoka na wavu.

"Washa," alisema. "Weka gia ya kwanza, uikanyage injini ipige kelele, taa zisisinzie. Uende mwendo wa mtu."

Akapanda mbele ya gari lile la mabwana wa Ulaya, akakaa juu ya boneti katikati ya taa mbili, mguu mmoja kwenye kila madigadi. Akaanza kuzoa. Alipitisha wavu kwenye taa ya kulia, akarudisha kwenye ya kushoto, akainama akasafisha rejeta, akarudi kulia. Hakuna mbung'o aliyewahi kufanyiwa kazi ya namna ile. Wavu ukijaa anaugeuzia nyuma, kwenye kikapu cha Bi Tatu, ambaye alianza kwa kupiga kelele na baadaye akanyamaza. Kasimu alipomtupia jicho alikuta anatafuna.

Gari likasogea, likinguruma kama lori lililobeba mawe, kwa mwendo ambao kuku angelipita. Gogo likabaki nyuma limeinuliwa hewani, bila mlinzi. Venansi hakuwahi kuliacha hata siku moja tangu alipokabidhiwa. Alilikumbuka walipokuwa wamekwisha kupita kona, akaendelea kuzoa.

Walikwenda hivyo mpaka mikono ikamfa ganzi. Wakateremka korongo, wakapanda ng'ambo, na huko ardhi ilikuwa kavu, mvua haikufika. Kumbikumbi wakapungua, wakawa mmoja mmoja, wakaisha. Taa zikaukata usiku mpaka mbali, safi kabisa. Venansi akashuka, akapangusa vioo viwili kwa kofia yake.

"Twende wote Mpanda," Kasimu alisema. "Ule pilau, umwone mtoto. Nitakurudisha."

Alitaka kwenda. "Mbung'o wanaamka alfajiri," alisema. "Nani atashika gogo?"

"Na wewe, baba," Bi Tatu aliuliza, "mke unaye?"

Hilo nalo hakuna aliyewahi kumuuliza mahali pale. "Ninaye, mama. Romana. Yuko Kibaoni, analima mpunga."

"Unamwona lini?"

"Noeli."

Bi Tatu akainama nje ya gari. Akachukua mkono wa Venansi uliojaa mabawa, akaushika kidogo, akauachia. "Huyu akirudi atasimama kwako," alisema. "Atasimama na atakula. Nimesema mimi."

"Haya, mama. Nendeni, mtachelewa."

Akawapa kisogo, akashika njia ya kurudi. Mbele yake palikuwa giza tupu, hata mikono yake hakuiona. Nyuma akasikia gari likiondoka, kisha likasimama, likarudi kinyumenyume, likageuza kidogo, likarudi tena, Kasimu akihangaika na usukani katika barabara nyembamba, mama yake akimwelekeza kwa sauti kila mahali palipokuwa na kisiki. Alidhani wameharibikiwa.

Mara mwanga ukampita pande zote mbili. Barabara ikafunguka mbele yake, na kivuli chake kikalala juu yake kirefu hadi ukingoni mwa korongo. Kasimu alikuwa amegeuza gari lote. Alikuwa amelisimamisha pale, anakanyaga mafuta bure ili taa zisisinzie, na injini ile kuukuu inapiga kelele porini kwa ajili ya mtu mmoja anayekwenda kwa miguu.

"Geuza uende, mtachelewa!" Venansi alipiga kelele bila kugeuka, maana uso wake haukuwa wa kuonyesha watu.

"Mwache afike kwanza," alimsikia Bi Tatu akimwambia mwanawe.

Venansi alikuwa na miguu mirefu, na huwa anatembea haraka. Usiku ule alikwenda polepole sana.